Muhula Niliotazama Goti

Jumatatu, 3 Februari

Chuo kimefunguliwa na jua linaunguza mpaka lami inanata kwenye raba. Nimeanza muhula kwa kudakwa. Nilikuwa natoka maabara ya upimaji ardhi na tripodi ya miguu mitatu begani, mwalimu wa michezo akasimama mbele yangu, filimbi shingoni, akaniuliza kama ni mimi yule ninayerudia vipimo mpaka wenzangu wa kundi wanalia. Nikamwambia wanalia kwa uvivu wao. Akasema, "Basi ni wewe ninayekutafuta."

Anataka mwamuzi wa mashindano ya kutembea. Kila chuo kwenye ligi kinaleta mwamuzi wake mmoja, wote kwa pamoja wanaamua watembeaji wa vyuo vyote, na wetu wa mwaka jana amehitimu. Nilidhani ananitania. Kumbe kuna watu wanashindana kutembea, tena wana medali na jezi na kila kitu.

Mwenzangu wa chumbani, anayesomea uuguzi na kulala kitanda cha juu, amecheka mpaka kitanda kikalia. "Yaani utasimama kando ya kiwanja kukagua watu wanavyotembea? Si hiyo unaifanya kila siku bure?"

Nimekubali.

Jumamosi, 8 Februari

Mafunzo ya waamuzi. Mwamuzi mkuu ni mstaafu wa posta, ana kofia nyeupe na sauti ndogo ambayo inabidi uinamie kuisikia. Sheria ni mbili tu. Lazima mguu mmoja uwe chini muda wote. Na mguu wa mbele ukishagusa ardhi, goti linyooke mpaka mwili upite juu yake. Likipinda, huyo anakimbia kwa kujificha. Kwanza unamwonyesha kibao cha njano kumwonya. Akiendelea unaandika kadi nyekundu, na kadi tatu za waamuzi watatu tofauti zinamtoa. Kila mwamuzi ana kadi moja tu kwa mtu mmoja. Hatuulizani, hatupeani ishara, hakuna kamera wala rufaa. Unaandika ulichokiona kwa macho yako, basi.

Nimeipenda hii kazi kuliko nilivyotaka kuipenda.

Jumanne, 11 Februari

Nimewaona watembeaji wetu. Ni wachache, na mmoja wao ni balaa.

Amefika mazoezini wakati wenzake wanamaliza kupasha misuli, soksi moja nyeupe na moja ya bluu, anatafuna kitu alichokiomba kwa mtu njiani. Wanamwita Kiuno, kwa sababu mtembeaji akienda kasi kiuno kinacheza, na cha huyu kinacheza kama kina mwenyewe mwingine. Alikuja chuoni kwa nafasi ya michezo, kama mkimbiaji. Mbio zikamshinda, mwalimu wa michezo akamhamishia huku. Darasani anapita kwa kunusurika. Asipomaliza ndani ya watatu bora kwenye fainali ya muhula huu, chuo kinamnyang'anya nafasi na anarudi nyumbani kwa mama yake, mshona sare za shule. Hayo yote kaniambia yeye mwenyewe kabla sijamuuliza jina.

"Kwa hiyo wewe ndiye polisi wa miguu," akasema.

Nikamwambia raba yake ya kushoto haijafungwa.

"Na mimi nakuita Rula," akasema, na kufikia jioni kiwanja kizima kilikuwa kinaniita Rula.

Ijumaa, 14 Februari

Joto. Nimefua mashuka, nimeyapiga pasi. Mwenzangu wa chumbani anasema hata mashuka yananiogopa.

Jumatano, 19 Februari

Kiuno ameniomba nimtazame goti la kulia. Alianguka kutoka juu ya paa utotoni, anasema, akifuata mpira, na tangu hapo goti hilo likichoka halinyooki mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe halijui. Kwake linakuwa limenyooka tu. Mtu anayetembea hawezi kuinama kulitazama goti lake, na mwalimu wa michezo ana watu wengine wa kuwapigia filimbi.

Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu wewe hujui kumfurahisha mtu," akasema. Alikuwa hatanii.

Jumatatu, 24 Februari

Kila alfajiri sasa tuko kiwanjani. Anapita mbele yangu, nasema "limenyooka" au "limepinda," anazunguka tena. Nimegundua kwamba kabla goti halijapinda, bega lake la kulia linashuka kidogo. Nikiona bega, najua hatua inayofuata goti litakuwa bovu. Sikumwambia. Nilitaka kitu kimoja kuhusu yeye ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Ijumaa, 28 Februari

Hatufanani kwa lolote. Ananunua andazi, anampa nusu mtu asiyemjua. Ameazima daftari langu la hesabu akalirudisha na picha ya bata aliyevaa rula kama tai shingoni. Anaingia mlango wowote bila kubisha. Anaongea na wapishi, na walinzi, na mhadhiri aliyemfelisha. Mimi nikiingia kantini nachagua meza ya ukutani, nasafisha kijiko.

Leo nyuma ya stoo ya vifaa vya michezo, kwenye rundo la mikeka ya mazoezi inayonuka jasho la miaka, amenibusu. Nilimwambia mikeka ni michafu. Akasema, "Rula, fumba macho kidogo, hutakosa kitu." Nikafumba.

Naandika hili na mwandiko umepinda, na siufuti.

Jumanne, 4 Machi

Ninazungumza sana siku hizi. Sijijui. Leo tumekaa kwenye ngazi za maktaba, nimemweleza kuhusu waamuzi wote. Kwamba mzee wa kofia anatazama nyayo tu. Kwamba mwalimu wa kike wa chuo cha ualimu anasimama daima kwenye kona kwa sababu ya kivuli. Kwamba wa chuo cha kilimo akichoka anatazama nyuso. Alicheka, akawa anawaiga mmoja mmoja.

"Na wewe unatazama nini?"

"Goti."

"Langu au la kila mtu?"

Nilimpiga na mkoba.

Jumamosi, 8 Machi

Mashindano ya kwanza, chuo cha kilimo. Kiuno amemaliza wa tatu bila kadi hata moja. Nilikuwa upande wa mbele na alipita kwangu kila mzunguko akiwa safi. Jioni nilimkumbatia mbele ya basi zima, wakazomea kwa furaha. Mimi, mbele ya basi zima!

Jumamosi, 15 Machi

Mashindano ya pili, kwenye kiwanja cha chuo cha ualimu. Nina uchungu mpaka taya zinauma.

Mwandishi wa meza ya kadi aliugua, mzee wa kofia akaniweka mimi pale mezani kupokea kadi za wenzangu. Meza iko juu, kwenye jukwaa. Mwamuzi wa kiwanjani huona kipande chake tu cha njia. Pale mezani unaona mzunguko mzima, ila huruhusiwi kuandika kadi, unapokea tu.

Nikaona. Kiuno anakaribia kona ya mwalimu wa kike, goti linanyooka kama amelipiga pasi. Anampita, goti linalegea, anapiga hatua ndefu za wizi mpaka anapokaribia mwamuzi wa kilimo, linanyooka tena. Anampita, linalegea. Kila mzunguko hivyo hivyo, na kila mahali alipojinyoosha ni mahali nilipomwambia mimi, kwenye ngazi za maktaba, nikicheka kama mjinga.

Nilikaa na kalamu mkononi, siwezi kuandika kitu. Alimaliza wa pili. Akapanda jukwaani na medali shingoni, jasho linamtiririka, ananitafuta kwa macho.

Nilimvuta nyuma ya basi.

"Umenitumia," nikamwambia.

"Nimekutumia nini?"

"Nilichokwambia kuhusu waamuzi. Unanyooka wakikuona, wakigeuka unakimbia."

Akanikodolea macho, kisha akacheka, si kwa dharau, alicheka kama nimesema jambo la kitoto. "Rula, kila mtu anafanya hivyo. Yule wa kwanza anafanya kunishinda mimi. Sheria si inasema jicho? Kama jicho halijaona, kosa liko wapi?"

"Kosa liko kwenye goti!"

"Goti langu litanirudisha nyumbani, wewe hulijui hilo. Wewe ukifeli mchezo unarudi kwenye tripodi yako. Mimi nikifeli narudi kukata vitambaa vya sare. Usinihubirie."

Nikamuuliza kama zile alfajiri zote zilikuwa za kujifunza mimi natazama vipi. Hakujibu haraka. Kwangu hilo lilitosha. Nilipanda basi nikakaa mbele, kando ya dereva, na njia nzima sikugeuka.

Jumapili, 16 Machi

Sijala.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Imepiga mabati ya hosteli mchana kutwa. Mwenzangu wa chumbani anauliza nina nini, namwambia mafua. Anasema mimi si mtu wa kuugua mafua bila kuyaandikia ratiba.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempita kantini. Amesimama. Nimejitia hamnazo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tena, na kiwanja kimekuwa uji. Nilikuwa chini ya veranda ya maabara nafuta lenzi. Akaja, ameloa chapachapa, amesimama nje ya paa kwa makusudi, kama mtu aliyejipa adhabu.

"Nifundishe upya," akasema.

"Nikufundishe kukwepa nani safari hii?"

"Nifundishe mahali ambapo sijui uko wapi." Alikuwa ameshafikiria. Anataka nijifiche. Kila siku nichague mahali pangu, dirishani, nyuma ya ua wa michongoma, juu ya jukwaa, popote, nisimwambie, ili asiwe na pa kulegeza. Akimaliza nitokee nimsomee makosa yote. "Nikinyooka kwako bila kukuona, nitanyooka kwa kila mtu."

Nikamuuliza anafanya hivi kwa ajili ya fainali au kwa ajili yangu.

"Sijui," akasema. "Nimejaribu kuvitenganisha vimenishinda."

Ni jibu baya, lakini ndilo la kwanza alilonipa bila mzaha. Nilimtupia kitambaa cha lenzi ajifute uso, kitambaa kisichotosha hata kufuta pua.

Ijumaa, 28 Machi

Nimejificha ghorofani, darasa la uchoraji ramani. Nimempata mara nyingi. Alipokuja nikamsomea yote, hakubisha hata moja.

Jumatano, 2 Aprili

Leo sikumwambia kwamba sitakwenda. Nilikuwa na mtihani wa majaribio. Nilipotoka nikapita dirishani, nikamwona kiwanjani peke yake kwenye mvua, anazunguka. Nilisimama nikamtazama mpaka vidole vikafa ganzi. Bega lilishuka mara kadhaa, nikasema sasa, sasa linapinda. Halikupinda. Amejifunza kulishika hata bega likichoka.

Baadaye nikamwambia nilikuwa kwenye mtihani. Akashtuka. "Kwa hiyo hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu."

"Na lilinyooka?"

Nikamwambia nilimwona mwishoni kabisa, na lilinyooka. Macho yake yalijaa maji, akasingizia mvua. Kisha akasema kitu ambacho nakiandika kama alivyokisema: "Mimi silioni hili goti, Rula. Nalijua kwa macho yako tu."

Jumamosi, 5 Aprili

Mwenzangu wa chumbani: "Wewe huyo mwanaume unampenda au unamkagua?"

Nikamwambia kwangu ni kitu kimoja. Akazima taa ya kitandani kwake, akasema masikini kijana wa watu.

Jumatano, 9 Aprili

Maneno yamezagaa. Vyuo vingine vinasema chuo chetu kina mwamuzi anayelala na mtembeaji. Mmoja kanipigia mluzi getini, "Shemeji wa goti!" Mwalimu wa michezo kaniita ofisini, kafunga mlango, kanyamaza, kafungua mlango.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee wa kofia amenipigia simu. Anasema wamemtaka aniondoe kwenye fainali, amekataa. Ameniweka kona ya nyuma, mbali na jukwaa, penye mteremko, ambapo watembeaji huvunjika mwendo. "Nimewaambia binti huyu hana upendeleo," kasema. "Usiniangushe."

Nimepiga pasi sare ya uamuzi. Nimeipiga tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote.

Mvua ilianza kabla ya filimbi. Mwavuli hauruhusiwi kwa sababu unaziba macho. Nilisimama kona ya nyuma na kibao changu cha njano na kadi kwenye mfuko wa nailoni, na watu wa vyuo vingine walikuwa wamejaa kwenye uzio nyuma yangu, wanajua mimi ni nani. "Mtazame mchumba wako vizuri!" "Akipita mpe busu!" Sikugeuka. Nilihisi shingo inawaka.

Kiuno alitembea kama sijawahi kumwona mtu akitembea. Mizunguko ya mwanzo alikuwa katikati ya kundi, hana haraka, yeye asiyejua kusubiri hata chai ipoe. Kisha akaanza kuwachukua mmoja mmoja. Alipita kwangu safi. Alipita tena safi. Hakunitazama hata mara moja, ndivyo tulivyokubaliana.

Kuelekea mwisho alikuwa wa pili na anamkaribia wa kwanza. Kwenye mteremko bega likashuka kidogo. Nikamwinulia kibao cha njano. Goti lilikuwa na shaka kidogo, na kibao ni cha shaka, sina tatizo na kibao. Watu wa uzio wakalipuka, "Kibao tu? Kibao tu? Mpe kadi, muuza mechi!"

Akaja mzunguko uliofuata. Nilimwona kwa mbali anaingia kona. Bega likashuka, safari hii sana, na mimi nikaandika. Nitaandika hapa ilivyokuwa. Bega lilishuka, mkono wangu ukatoa kadi, ukaandika namba yake, ukaandika alama ya goti, na yeye alikuwa bado hajafika mbele yangu. Alipopita nilikuwa nimeinama namalizia alama, nazuia mvua isiloweshe karatasi. Nikainua kichwa nikauona mgongo wake.

Goti sikuliona.

Kijana anayekusanya kadi akapita, nikampa. Ningeweza kuichana. Watu wa uzio walikuwa wameona nimeandika, na ghafla walinyamaza, na kule kunyamaza kwao nilikufurahia. Hilo naliandika pia.

Sikujua kwamba tayari alikuwa na kadi mbili, moja ya mwanzoni kwenye utelezi, nyingine ya kona ya mwalimu wa kike. Ya kwangu ilikuwa ya tatu. Mzee wa kofia alimsubiri karibu kabisa na utepe wa mwisho, Kiuno akiwa ameshampita wa kwanza, mikono imeanza kuinuka, akamwonyesha kibao chekundu usoni. Alisimama na mikono yake pale juu. Kisha akaishusha taratibu, akatoka nje ya mstari kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Alinikuta stoo, navua koti la mvua. Hakuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa na majibu yake yote.

"Ulikuwa wewe wa tatu?"

"Ni mimi."

"Lilipinda?"

Nikasema, "Lilipinda."

Alinitazama sana usoni. Akasema, "Mimi nilihisi limenyooka. Nilihisi limenyooka kabisa." Kisha akatikisa kichwa, akajifuta uso kwa jezi. "Basi. Kama wewe umeona, umeona."

Jumapili, 13 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekuwa mtu mkubwa. Mhadhiri wangu amenipa mkono mbele ya darasa. Wale wa getini hawapigi mluzi tena, wanapisha njia. Mzee wa kofia amepiga simu, sauti yake ndogo imejaa furaha, anasema jina langu linapelekwa kwenye orodha ya waamuzi wa kanda, maana mtu anayeweza kumtoa mpenzi wake kwenye utepe ni mtu wa kuaminiwa. Nimesema asante. Niliisikia sauti yangu inasema asante, imenyooka vizuri.

Mwalimu wa michezo hakunipa mkono. Lakini ameniambia jambo: amepigana huko utawala, wamekubali Kiuno apewe jaribio moja, Ijumaa, kutembea mbele ya kamati. Akitembea safi nafasi yake inabaki. "Ila mwenyewe amekataa. Anasema hana mguu. Zungumza naye, binti. Wewe atakusikia."

Jumanne, 15 Aprili

Nimemkuta anapanga begi. Chumba chake, kile ambacho daima ungekuta watu wanne na redio, kilikuwa kitupu. Raba amempa mtu.

Nikamwambia kuhusu jaribio. Anajua. Nikamwambia anaweza.

"Rula, nisikilize," akasema, akakaa kitandani. "Kupinda si tatizo. Likipinda nikajua, nalirekebisha. Lakini Jumamosi nilikuwa na uhakika. Ningeapa. Na wewe uliyesimama pale ukaliona limepinda. Kwa hiyo ninachohisi na ninachofanya ni vitu viwili. Nitatembeaje mbele ya kamati na mguu unaonidanganya?"

"Pengine nilikosea," nikasema.

Alicheka, kicheko chake cha zamani. "Wewe? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ningekuwa na wasiwasi na mwamuzi mwingine yeyote. Mtu wa kwanza ambaye hajanidanganya maishani mwangu ni wewe, sasa unataka kuanza kwa kunionea huruma?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Maneno yalikuwa mafupi, mtoto angeweza kuyasema. "Niliandika kabla sijaona." Nikamsaidia kukunja shati.

Alipanda basi la mchana. Dirishani alinipungia mkono mpaka basi likakata kona.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejiuliza siku nzima kwa nini sikumwambia, kwa hiyo nijibu.

Si orodha ya kanda. Orodha wangeichukua kesho nisingelia. Ni kwamba nikimwambia ukweli, atarudi chuoni, atatembea, atashinda, lakini hatarudi kwangu. Nikinyamaza atabaki kule kwao akinifikiria mimi kama mtu asiyedanganya. Nimepima pande zote mbili, na nimeona upande ninaouegemea, na nimejichukia. Yeye alidanganya waamuzi kwa mguu, tena akakiri, tena akaacha. Mimi nilimnunia wiki nzima.

Jaribio ni kesho jioni. Kwao si mbali, akipanda basi la asubuhi anawahi. Kesho nampigia, hata iweje.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeamka kabla ya kengele. Nimetoka nje ya hosteli ili mwenzangu wa chumbani asisikie, nimesimama kwenye ngazi zilizoloa. Nimepiga. Simu imeita sana, kisha ikapokelewa na sauti ya mwanamke, nyuma yake cherehani inagonga na kunyamaza.

"Simu ameiacha hapa mezani, mwanangu. Ametoka kidogo, amekwenda kuninunulia uzi, hata dakika kumi hazipiti. Nani mwenzangu?"

Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni wa chuoni.

"Ndiye Rula?" Sauti ikafunguka yote. "Mama yangu! Ndiye wewe! Huyu mtoto hana wimbo mwingine humu ndani. Nilipomwona karudi nikalia, nikakulaani, nisikufiche, nikasema ni binti gani huyu mwenye roho ngumu. Akanikatalia. Akasema, mama, yule hata angekuwa wewe angekuandikia, kwa sababu ameona. Akasema afadhali arudi nyumbani kwa ukweli wa mtu kama yule kuliko abaki huko kwa uongo. Sasa nimlaumu nani? Nimeweka moyo chini. Jana kaanza kukata vitambaa, mkono wake si mbaya."

Nilikuwa nimeshika nguzo ya veranda. Mama akaendelea, akaniuliza habari za masomo, akanikaribisha kwake siku yoyote.

"Una ujumbe, mwanangu? Au umsubiri, huyo namwona anakuja kule barabarani."

Nikamwambia hapana, nawahi darasani. Nikamwambia amsalimie.